Sauti Alizotunza Bibi Nesi

Mtu akiumwa pale mtaani kwetu, Picha ya Ndege, watu walimkimbilia Bibi Nesi kwanza na kumsema vibaya baadaye.

Walimkimbilia kwa sababu mikono yake iliijua kazi. Alimgeuza mgonjwa kitandani bila kumwumiza, alimnywesha uji mtu ambaye koo limekataa, na aliweza kufungua dirisha la chumba cha mgonjwa bila mama mkwe yeyote kununa. Walimsema kwa sababu hakujua kulizungusha neno. Jirani yetu mmoja, fundi seremala, alikuwa akimpepea mkewe huku akimwambia, utapona mke wangu, mwezi ujao tunakwenda Moshi kusalimia. Bibi Nesi alimshika mkono akamtoa uani. Nilikuwa nimesimama pale na jagi la maji, nikasikia.

"Hatapona," alimwambia. "Waite watoto wakati bado anawatambua."

Fundi akamwita mchawi mbele ya watu. Lakini simu aliwapigia, watoto wakaja, wakamkuta mama yao akiwa na akili zake timamu. Fundi hakuwahi kumwomba Bibi Nesi radhi, na Bibi Nesi hakuisubiri. "Nesi anayetaka kupendwa," alikuwa akisema, "akauze barafu."

Mimi ninafundisha kompyuta kwenye chuo kidogo hapa Kibaha, na nikitoka kazini hutengeneza mashine za watu kwenye chumba cha mbele cha nyumba yangu. Kati ya kiwanja chake na changu palikuwa na ua wa michongoma tu. Nilipohamia alikuwa ameshastaafu, ila viatu vyeupe vya wodini alikuwa bado anavivaa, anavipaka rangi kila vikichubuka. Alikuwa anafuga kuku ambao hakuwahi kumchinja hata mmoja. Walikufa kwa uzee, na yeye akaenda kununua nyama buchani kama watu wengine. Ukimuuliza, anakujibu kwamba hawezi kula mtu anayemfahamu.

Mdomo wake haukuwa na mlango. Nyanya zimepanda bei, mchungaji amehubiri mpaka watoto wakalala, mke wa fulani ameonekana Mailimoja na begi: yote hayo utayapata kwake kabla ya chai. Kwa hiyo wageni wa mtaa walishangaa kusikia kwamba ni yeye huyohuyo ambaye wagonjwa walimpa siri zao. Aliyoyasikia kwenye chumba cha mgonjwa hayakutoka. Nilimfahamu miaka mingi na sikuwahi kunasa hata nusu neno.

Kazi ile ya sauti aliianza mwenyewe, hakutumwa na mtu. Usharikani alikuwa kwenye kundi la kutembelea wagonjwa, wanaoimba pambio moja, wanaomba, wanaacha sukari na sabuni. Siku moja mama mmoja mshonaji aliyekuwa anakaribia kuondoka alimwambia kwamba angependa kumwandikia mwanawe barua ya kufungua siku atakapooa, lakini vidole havishiki tena kalamu. Bibi Nesi akatoa simu yake, akaifunika kwa kitenge ili ile taa isimsumbue, akamwambia, "Sema kama yuko hapa."

Baada ya hapo walimwita kutoka Mlandizi, kutoka Kiluvya, kutoka vijiji vya Kisarawe ambako gari halifiki mvua ikinyesha. Walikuwa Walutheri, Wakatoliki, Waislamu, wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Kila mmoja alisema ya kwake, na kusema yasikilizwe na nani na lini: akipata kipaimara, akiolewa, akijifungua wa kwanza. Siku ikifika Bibi Nesi alikwenda na kompyuta yake ndogo, akamkalisha mhusika peke yake chumbani, akamvalisha spika za masikioni, akatoka nje. Hakuwa anakata mwisho wa sauti hata kama mgonjwa ameshamaliza kusema. Aliacha ile pumzi iendelee. "Hata kimya ni chake," aliniambia. "Mimi ni nani nikikate?"

Dada yangu alifia nyumbani kwangu, kwa saratani. Binti yake, Upendo, alikuwa bado anajifunza kusoma. Katika majuma yale ya mwisho Bibi Nesi alikuja kila alasiri, na alasiri moja akafunga mlango. Nilisikia sauti ya dada kwa mbali, kama mtu anayezungumza akiwa kisimani, lakini maneno sikuyapata. Bibi Nesi alipotoka alijifuta mikono kwa khanga.

"Amesema. Ni ya Upendo, akimaliza kidato cha nne."

"Na mimi, mama? Hakuniachia neno?"

"Wewe uko hai na yeye yuko hai. Ingia ukaongee naye."

Niliingia. Hilo namshukuru mpaka leo.

Habari ya kufuli ilitokana na msiba mmoja. Mpwa wake Bibi Nesi aliazima simu yake, akafungua asichotumwa, akasikia marehemu mmoja akieleza kiwanja kipi ni cha mtoto gani, mmojawapo akiwa wa nje ya ndoa. Maneno yakamfika mjane kabla ya mazishi. Ndugu wakashikana mashati kaburini, jeneza likiwa bado halijashushwa. Bibi Nesi alisimama palepale na viatu vyake vyeupe kwenye udongo mwekundu, hakujitetea. Kesho yake alikuja kwangu.

"Nitafutie kufuli ambalo hata wewe huwezi kulifungua."

Nilimnunulia diski ya nje, nikaifunga yote kwa programu inayogeuza kila kilichomo kuwa vurugu tupu mpaka liandikwe neno la siri. Neno lenyewe aliliandika mwenyewe mimi nikiwa nimegeukia ukutani. Lilikuwa refu, nilisikia vitufe vikigongwa kwa muda. Nikamwambia tufanye na diski ya pili, nakala, akaiweke usharikani au kwa ndugu yake.

"Siri ikiwa na nakala si siri," alisema.

"Mama, hii mashine. Mashine hufa."

"Na watu je?"

Nilimrudia kwa hilo mara nyingi kwa miaka. Nilimwambia nikiwa natania, nilimwambia nikiwa nimekasirika. Alikuwa mtu wa kusikiliza wanaokufa tu. Sisi wazima hatukumweza.

Alikuja siku moja mchana, mvua za masika zikiwa zimeanza, diski ameifunga kwenye taulo kama kitoto kichanga. Umeme ulikuwa umekatika akiwa katikati ya kuhifadhi sauti mpya, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena. Alipowasha, kompyuta ikamwambia diski haisomeki, je, anataka iandaliwe upya?

"Iliniuliza kwa adabu," alisema, "nami nikakubali kwa adabu."

Niliketi. Diski iliyofungwa namna ile, kompyuta isiyopewa neno la siri huiona kama kitu kitupu. Haijui kwamba ndani kuna watu. Na mwanzoni kabisa mwa diski ndipo linapokaa kufuli lenyewe, kipande kidogo sana, ambacho kikifutwa hata neno la siri lililo sahihi halifungui chochote. Yeye alikuwa amekubali kifutwe. Nilimweleza hivyohivyo bila kuzunguka, maana ndivyo alivyotuzoesha. Alisikiliza mikono ikiwa magotini.

"Kwa hiyo wamekufa tena," alisema.

"Bado sijui."

Kulikuwa na tumaini moja. Programu ile huficha nakala ya kufuli mwishoni mwa diski, na mwisho haukuwa umeguswa. Lakini diski yenyewe ilikuwa inaugua. Ukiiweka sikioni ulisikia kitu kinagota, kinanyamaza, kinagota. Ilibidi kwanza nihamishe kila kitu kwenye diski nyingine iliyo nzima, kipande kwa kipande, kabla haijazimika moja kwa moja. Kazi hiyo ilikwenda siku nyingi. Sehemu nyingine zilisomeka kwa mara ya kwanza, nyingine nilizirudia mpaka zikakubali, nyingine zilikataa katakata. Kila nikirudi kutoka chuoni nilimkuta ameketi kibarazani kwangu akichambua mchele wake, kama ndugu anayesubiri nje ya chumba cha upasuaji.

Nilipomaliza nikairudisha ile nakala ya kufuli mahali pake. Nikamwita, nikageukia ukuta.

Akaandika. Ikakataa. Akaandika tena. Ikakataa. Nilisikia akipumua kwa pua. Akajaribu kwa herufi kubwa, akajaribu akiacha nafasi, akajaribu polepole akilitamka moyoni. Mwishoni alisema kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, sauti ndogo:

"Mwanangu, sikumbuki."

Hakutaka kunywa chai. Alirudi kwake kwa kupitia upenyo wa michongoma, na kesho yake hakuonekana kibarazani. Keshokutwa alibisha hodi asubuhi, akaitazama ile meza yangu kwa muda mrefu.

"Kompyuta yangu nilikuwa naiweka juu ya kabati," alisema. "Nilikuwa siketi."

Nikaweka stuli juu ya meza, na kompyuta juu ya stuli. Akasimama, akavua miwani, akafumba macho. Nikageuka. Vidole vilikwenda bila kusita, vikakoma. Nikamsikia anasema, "Haya."

Ningependa kusema kwamba tulifurahi. Tulifurahi kwa muda wa kumeza mate. Mlango ulifunguka, lakini ndani nyumba ilikuwa imevunjika. Orodha ya majina ilikuwa imefutika yote. Sauti nilizoweza kuziokota zilikuja bila majina, bila tarehe, nyingine zimekatika katikati ya neno, nyingine zikiwa mlio tu kama mvua kwenye bati. Hapakuwa na namna ya kujua ipi ni ya nani ila kusikiliza, na mimi hakuniruhusu.

"Toka," aliniambia. "Nenda kafundishe."

Alikaa chumbani kwangu peke yake, spika zimemfunika masikio, akiwasikiliza wagonjwa wake mmoja mmoja. Mke wangu alikuwa anamwekea chakula mlangoni. Alitokea jioni macho yamevimba, anasema huyu nimemjua, huyu ni wa Mlandizi, yule wa pale kwenye mwembe wa shule. Lakini siku zilivyokwenda alianza kusitasita. Watu wanaokaribia kufa, aliniambia, sauti zao hufanana, kama watoto wachanga wanavyofanana. Aliita jina, kesho yake akalirudisha. Mara moja nilimkuta ameshika zile spika mkononi, ananiuliza kama mama yake mwenyewe aliwahi kurekodiwa. Mama yake alikufa kabla simu hizi hazijakuwepo.

Siku aliyomaliza alikuja mpaka nilipokuwa nimesimama.

"Dada yako hayumo."

"Labda katika zile zilizoharibika..."

"Nimezisikiliza hata zile. Hayumo."

Nilitoka nje, nikajifanya naangalia tangi la maji.

Watu wengine wangetulia hapo. Wangengoja waulizwe. Yeye alivaa viatu vyake akaanza kuzunguka nyumba hadi nyumba, akianza na wale ambao hawakupata kitu. Mimi nilimsindikiza mara chache, pale palipokuwa mbali. Hakuwa na utangulizi. Alisalimia, akakaa alipoonyeshwa, akasema, "Sauti ya mama yenu niliitunza na imepotea mikononi mwangu. Nimekuja kuwaambia mimi, msisikie kwa mtu." Mlandizi, mwanamke mmoja kijana, aliyebakiza wiki chache aolewe, alimfukuza kwa kelele mpaka majirani wakatoka. Bibi Nesi alisimama akapokea yote, kisha akamwombea heri ya ndoa. Kisarawe, mfugaji mmoja mzee aliilaza fimbo yake mapajani.

"Ng'ombe akipotea nafuata nyayo," alisema. "Hii nitaifuata wapi?"

Na kila mahali walimuuliza lilelile: wewe si ulikuwepo? Si ulisikia? Basi tuambie. Alikataa. Masikio yalikuwa yangu, aliwajibu, maneno hayakuwa yangu. Mimi mwenyewe nilimuuliza tukiwa njiani kurudi, nikamwambia kwamba ile sauti haipo tena mahali popote duniani isipokuwa kichwani mwake. Alinitazama kwa hasira.

"Wewe unafikiri sijui? Unafikiri ninalala?"

Baada ya mzunguko ule alipungua haraka. Alisahau sufuria jikoni. Alinisalimia shikamoo mimi, akidhani mimi ni baba yake. Kuku wakawa wanalala nje. Mdogo wake alikuja kutoka Kisarawe akamchukua, wakauza kiwanja, na aliyekinunua akaing'oa ile michongoma akajenga ukuta.

Upendo alipomaliza kidato cha nne hakuniuliza kitu. Alijua tangu zamani kwamba kuna kitu chake, na alijua kimepotea. Nilikuwa nimemwambia mimi. Matokeo yalipotoka, mazuri, alinikuta nafungua mashine ya mtu.

"Mjomba, nataka kwenda kumsalimia Bibi Nesi."

Tulipitia Mbezi, tukazunguka Gongo la Mboto, tukapanda vilima vya Pugu. Kisarawe kulikuwa na ukungu na manyunyu, watu wamevaa masweta. Nyumba ya mdogo wake ipo nyuma ya mikorosho, chini kidogo ya ofisi za wilaya. Bibi Nesi alikuwa ameketi sebuleni, blanketi miguuni, amekuwa mdogo. Miguu ilikuwa mitupu. Mdogo wake alisema imevimba, haiingii kwenye kiatu chochote. Upendo alipiga goti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa yule dada wa Picha ya Ndege."

Alikuwa amemtambua kabla sijafungua mdomo. Upendo akamwambia amemaliza shule na amefaulu. Bibi Nesi akautikisa mkono wake kwa muda mrefu bila kuuachia, akitazama dirishani kwenye ukungu, na nikaona anapambana na jambo.

"Nilisema sitasema," alisema mwishoni. "Lakini mimi ninakwisha. Nikizikwa nalo nitakuwa nimekuibia. Sogea."

Upendo akasogea. Mimi nikainuka ili nitoke, kama alivyotaka siku zote, lakini safari hii alinipungia mkono nikae.

"Mama yako alisema hivi. Alisema, mwambie binti yangu asiogope watu wakubwa. Alisema, kaka yako akikwama kwenye neno, usimmalizie. Wengine wote wanammalizia, anakuwa mdogo mbele yao. Wewe msubiri. Hata kama ni mbele ya wageni, hata kama maji yanachemka jikoni, wewe msubiri mpaka neno lake litoke. Alisema, ukimsubiri atakuwa mwanamume." Akavuta pumzi. "Kisha akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu, nami sikuzima."

Dada yangu alizaa mara moja tu. Upendo hana kaka, wala binamu mwenye kigugumizi. Nilimtazama kwa hofu, nikitafuta uso wake utavunjikia wapi. Hakuvunjika. Aliuinamia ule mkono, akauweka kwenye shavu lake.

"Nimesikia, Bibi," alisema. "Asante kwa kunitunzia."

"Umelipata lote?"

"Lote."

Bibi Nesi akafumba macho. Sijawahi kuona mtu akichoka namna ile, kama aliyetua mzigo wa kuni. Tuliondoka akiwa amelala, na hatukumwona tena akiwa hai.

Tulitembea hadi stendi. Manyunyu yalikuwa yameongezeka, tukajibanza kwenye kibanda cha muuza chipsi. Upendo ndiye aliyeanza.

"Mjomba, na la kwangu? Huenda alimpa mwingine?"

"Sijui, mama."

"Huenda halimo tena hata kichwani mwake."

"Huenda."

Akalia hapo, wazi kabisa, muuza chipsi akageukia karai lake kwa heshima. Alipomaliza alijifuta kwa ncha ya sweta.

"Huyo mwenye kaka," alisema, "hajui kama mama yake alisema hivyo. Wewe si ulikwenda na Bibi kwenye zile nyumba?"

"Baadhi."

"Basi tuanze na hizo."

Nilimwambia kwamba ni mbali, kwamba wengine wamehama, kwamba wengine hawatapenda kutuona. Alikubali yote, kisha akaniuliza tunaanza lini. Tulianza Jumamosi iliyofuata. Nyumba ya kwanza hakukuwa na mtoto wa kiume. Ya pili walitusikiliza mlangoni wakafunga. Mazishi ya Bibi Nesi yalikuja katikati, tukaenda, tukarudi, tukaendelea.

Kiluvya, kwenye nyumba ya matofali isiyopigwa lipu, kijana mrefu alitufungulia akiwa na ndoo mkononi. Upendo akamsalimia, akamuuliza kama dada yake yupo. Kijana akafungua mdomo, taya likakaza, shingo ikamtoka mishipa. Nilijua neno alilolitaka, lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu mwenyewe. Upendo alinigusa mkono ninyamaze, akasimama mbele yake akimtazama usoni, bila haraka yoyote, akamsubiri.